Matanga ya Rais Ambaye Hakufa

Bellevue, Johannesburg
8 Januari 2017

Kwako Célestine, mtoto wa marehemu dada yangu, wewe unayeishi pale ramani inapokaribia kwisha,

Salamu zangu nimezifunga vizuri ndani ya bahasha hii ili zivuke theluji na kukufikia zikiwa bado na joto. Mimi mjomba wako François niko mzima kama chuma cha reli. Mama Marcelline naye yupo, goti linamsumbua lakini mdomo haujapata ugonjwa wowote. Watoto wanakusalimu kwa Kiingereza na Kizulu, mimi ndiye nimewatafsiria.

Ofisi yangu ya Midrand inaendelea vizuri. Kila asubuhi magari makubwa yanasimama mbele yangu, ya madaktari, ya mawakili, na wote wanangoja nikubali. Nisipokubali, hapiti mtu. Sisemi hivi kujisifu, nakupa habari tu.

Sasa jambo lenyewe. Hapa kanisani kwetu tuna desturi. Jumapili ya mwisho ya mwaka, baada ya ibada, kila mwenye ndugu nchi ya mbali anasimama na kusoma mwaka wa nchi ile: mambo makubwa yaliyotokea, na watu wakubwa waliokufa. Halafu tunaiombea hiyo nchi, maana ndiyo inayotutunzia watoto. Mwaka uliopita Joël, yule fundi cherehani mwenye kijana Kanada, alisoma kwenye simu dakika arobaini nzima. Baadaye ikajulikana nusu ya habari zile zilikuwa za Australia. Pasta akapitisha sheria: kuanzia sasa ni barua tu, yenye stempu, na mwandiko wa mtoto mwenyewe.

Kabla Joël hajakaa, nilikuwa nimeshasimama. Nikasema, mwaka ujao ni Finlandi. Watu wakauliza iko wapi. Nikawajibu iko juu ya zote.

Kwa hiyo, mama, uniandikie nani amekufa huko na nini kimetokea. Kwenye simu usinijaribu, nakujua, unasema "niko bien, mzima, mjomba", halafu salio linakwisha. Jina langu liko mikononi mwako.

Mjomba wako,
François Mugisho


Tampere, Finlandi
6 Februari 2017

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Msalimie Mama Marcelline na goti lake. Mimi sijambo. Kazi ni ileile, jikoni kwenye nyumba ya wazee, viazi asubuhi na samaki mchana. Leo asubuhi baridi ilikuwa ishirini na mbili chini ya sifuri, nywele za puani ziliganda.

Siku ile kwenye simu uliuliza kwa nini nilijitoa kwenye kundi la familia la WhatsApp. Zilikuwa zikija jumbe tisini kwa siku, na kati ya hizo tisini hakukuwa na hata moja ya kuniuliza nimekula nini. Barua ni afadhali. Barua mtu anakaa chini anakufikiria.

Nikuambie jambo moja, usimwambie mtu. Huu ni mwaka wangu wa tatu kwenye jengo hili lenye ghorofa tano. Hakuna aliyewahi kugonga mlango wangu. Hata kwa kukosea. Nimejiwekea ahadi: nimeipa nchi hii mwaka huu mmoja. Ikifika tarehe 31 Desemba na mlango wangu haujagongwa na mtu, nafunga mizigo nakuja kukaa kwenu Johannesburg. Nitakusaidia kwenye ile ofisi yako ya Midrand.

Mambo makubwa hakuna. Waliokufa siwajui. Ila nikienda kazini leo niliona bendera ya nchi, ile ya uani kwetu, imeshushwa nusu mlingoti. Hakuna aliyesema lolote. Sikuuliza, huku watu hawaulizi.

Ni mimi,
Célestine


Bellevue
3 Machi 2017

Célestine mama,

Pole sana. Nakupa pole kwa niaba yangu, ya nyumba yangu, ya kanisa zima, na ya Wakongo wote kuanzia hapa mpaka Joubert Park. Tumelia pamoja nanyi. Mmefiwa, na sisi tumefiwa.

Barua yako ilifika Jumamosi. Nilipoona neno bendera, sikuhitaji kusoma zaidi. Mimi nilisoma mpaka mwaka wa tano wa sekondari, ni ule wa sita tu ulionikimbia, na protokali naijua. Bendera ya nchi haishuki nusu kwa mtu wa hivihivi. Hapa niliiona ikishuka kwa Mzee Mandela, na nchi nzima ilisimama. Wewe umeogopa kuandika wazi, labda wanafungua barua, lakini mjomba wako anajua kusoma kati ya mistari. Jumapili nikasimama kanisani nikatangaza: Rais wa Finlandi ametutoka.

Ungeona matanga, Célestine. Siku tatu, mchana kweupe, hapa uani kwetu. Ile nyumba yetu ina milango tisa na kila mlango ulitoa sufuria. Sombe la majani ya muhogo, maharage, wali, dagaa wa kapenta. Kwaya ilisimama upande wa bomba. Joël mwenyewe alishona bendera yenu kwa shuka jeupe na kitambaa cha buluu cha sare za shule. Ufundi wake kwa kawaida ni wa wastani, lakini siku ile alijitahidi, nikaitundika nusu ya nguzo ya kuanikia nguo. Mama Marcelline alilia mpaka akasahau goti. Yule Mzulu wa spaza, lile duka la kona, alichungulia akauliza nani amekufa, tukamwambia Rais wa Finlandi. Akasema, "Eish, poleni," akavua kofia, akarudi na kreti la soda. Tulikuwa watu arobaini na mmoja. Nimepiga picha, nitakuletea.

Kuhusu wewe kuja huku, tutazungumza. Ile ofisi ya Midrand ina masharti mengi.

Karibu nisahau jambo dogo. Siku ya tatu, tunakaribia kuvunja matanga, Joël alikuja na simu yake akaiweka mbele ya Pasta. Kuna mtu ndani anafungua mkutano, mzima, anatabasamu, na chini wameandika ni Rais wa Finlandi na tarehe ni ya jana yake. Nikawaambia picha za Ulaya huwa zinachelewa. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo baya zaidi.

Célestine, nakuuliza kama mjomba: ni nani aliyekufa? Jibu upesi. Siku hizi natoka kwenda kazini tu, na narudi kwa njia ya nyuma.

François


Tampere
2 Aprili 2017

Mjomba,

Shikamoo, na unisamehe. Barua yako niliisoma nimesimama jikoni kazini, nikacheka mpaka msimamizi akaja kuangalia kama nimejiunguza. Tangu Noeli nilikuwa sijacheka.

Halafu nilipomaliza kucheka nikakaa chini.

Hakuna rais aliyekufa. Nimeuliza kazini. Huku mtu yeyote anayekaa kwenye jengo akifa, wenzake wa jengo wanashusha bendera uani. Awe tajiri, awe mlevi, ni vilevile. Wanaishusha, wanapita chini yake, wanaenda kazini.

Aliyekufa ni Bibi Kerttu, mlango namba kumi na nne, umepakana na wangu. Alikuwa na miaka tisini na moja. Sijui nikuambie nini juu yake kwa sababu hatukuzungumza. Tukikutana kwenye lifti alisema, "Leo ni baridi," nami nikasema ndiyo. Ila mwaka ule nilipohamia, sikujua kwamba chumba cha kufulia nguo kina daftari, lazima uandike jina na saa yako. Nilikaa wiki tatu nafua kwenye beseni. Siku moja nikashuka, nikakuta jina langu limeshaandikwa, Jumatano saa kumi. Ni yeye aliyeniandikia. Alisimama mlangoni kwangu akanakili jina kwenye kibao herufi kwa herufi, na kwenye Célestine aliweka ile alama juu ya herufi, ambayo hata ofisi ya uhamiaji haiweki. Akaniandikia kila wiki kwa miaka miwili. Tangu Februari naandika mwenyewe.

Mtoto wake wa kiume nilikutana naye kwenye ngazi amebeba maboksi. Mtu mzima, ana ndevu, macho chini. Nikapita. Mjomba, mimi mtoto wa dada yako, niliyelelewa Bukavu, nilipita mbele ya mfiwa bila kumpa pole. Nimekuwa mtu wa hapa, na wa hapa hawanijui. Sasa hiyo ni nini?

Unisamehe kwa aibu niliyokuletea.

Célestine


Bellevue
16 Mei 2017

Kwako Célestine, nabii mdogo, kutoka kwa nabii mkubwa,

Mama Marcelline hajambo, goti lipo palepale. Barua yako ya Aprili ilitembea wiki sita, nadhani ilikuja kwa miguu. Imenifikia leo. Lakini kabla haijafika, Ijumaa iliyopita, limetokea jambo.

Nilikuwa nimekaa uani peke yangu, maana tangu Machi nakaa peke yangu. Akaingia Joël. Simu mkononi. Akasema polepole, "Mzee François, amekufa." Nani? "Rais wa Finlandi. Wa zamani. Leo." Nikachukua simu, nikaangalia. Ni kweli. Mzee wa miaka tisini na tatu, wameandika ujanani alibeba mizigo bandarini kabla ya kuwa mkubwa. Nikamrudishia simu yake nikamwambia, "Mimi niliwaambia mwezi wa pili. Mlikuwa na haraka ya kunihukumu."

Célestine, sasa napishwa njia. Dada mmoja wa kwaya ameniomba nisimtaje jina kwenye maombi, asije akatangulia. Yule wa spaza ananiita baba. Joël ananipa mkono kwa mikono miwili na kuangalia pembeni. Quand même, hata hivyo, ni raha.

Halafu leo ndiyo barua yako imefika. Nimeisoma nikiwa kazini. Magari mawili yalipiga honi nikayaacha yapige.

Sikiliza. Usilie, na usiniombe msamaha tena. Hebu fikiria pamoja nami. Bendera ilishushwa kwa ajili ya nani? Bibi Kerttu. Sisi tulilia kwa sababu ya nini? Bendera. Basi tulimlilia Bibi Kerttu. Siku tatu, watu arobaini na mmoja, kwaya, sombe. Jina tu ndilo tulilokosea, na Mungu ana daftari lake pia.

Kwa hiyo nakupa kazi. Ndani humu nimeweka ile picha. Tafuta huyo mtoto wake, umwonyeshe, umwambie mama yake alililiwa Johannesburg. Mfiwa ana haki ya kujua. Na umpe pole. Pole haiozi, hata ikichelewa.

Hapa kanisani ukweli bado sijausema. Nimefika nao mpaka mlangoni mara mbili, nikarudi nao nyumbani. Usiniharakishe.

François


Tampere
27 Agosti 2017

Mjomba,

Shikamoo. Majira haya ya joto huku jua lilikataa kuzama na watu walionekana kama wamefunguliwa kutoka mahali. Mimi sijambo.

Picha ilikaa mlangoni mwa friji yangu tangu Juni. Kila nikichukua maziwa nilimwona Mama Marcelline analia, na nyuma yenu ile bendera. Joël ameweka msalaba katikati kabisa. Wa kweli unasogea kuelekea mlingotini. Usimwambie.

Wiki mbili zilizopita nilishuka kufua, Jumatano saa kumi, nikamkuta yule mtoto wa Bibi Kerttu. Anaitwa Jorma. Alikuwa anafua mazulia ya mama yake, ili akabidhi nyumba. Nikarudi juu mbio, nikatoa picha kwenye friji, nikashuka nayo. Nikampa pole. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi kwa Kifini tangu Juni, na bado nilikosea mpangilio wa maneno.

Nikampa picha. Aliitazama muda mrefu sana. Akauliza hawa ni nani. Nikasema ni mjomba wangu na watu wake, Johannesburg.

"Walimjuaje mama yangu?"

"Hawakumjua."

"Sasa walikuwa wanalia nini?"

"Bendera ilishushwa," nikasema. "Kwetu bendera ikishuka watu wanaenda kukaa na mfiwa. Wewe ulikuwa mbali, wakakaa bila wewe."

Habari ya rais sikumwambia, nisamehe, Kifini changu hakifiki huko. Akauliza watu wanapokaa hufanya nini. Nikasema hakuna, wanakaa tu, wengine hawasemi hata neno. Akaanza kuwahesabu kwa kidole, mmoja mmoja, mpaka arobaini na mmoja. Akasema, "Kanisani tulikuwa tisa." Halafu akaniomba picha. Nikampa. Akaiweka mfuko wa shati, akachukua mazulia yakiwa bado yanachuruzika maji, akaondoka. Hakuaga.

Nadhani nimemuudhi. Mambo ya familia za watu huku hayaguswi. Nyumba namba kumi na nne sasa ni tupu kabisa, na mimi bado naandika jina langu mwenyewe.

Mlango haujagongwa, mjomba. Imebaki miezi minne. Nimeanza kuuliza bei za mizigo.

Célestine


Bellevue
9 Oktoba 2017

Célestine mama,

Wote wazima, goti limepona, sasa ni bega.

Barua yako nimekaa nayo siku kumi. Mama Marcelline akaniuliza kwa nini sijibu, mimi ambaye hujibu hata matangazo ya redio. Nikamwambia nina jambo la kumwandikia huyu mtoto na kalamu haitaki. Akasema, "Mwambie tu. Anajua kuhesabu huyo, ameshahesabu zamani."

Haya. Unasema utakuja. Mtu akija lazima ajue anakuja wapi.

Ile ofisi ya Midrand ina ukubwa wa mita moja na nusu kwa mita mbili. Ina kiti, hita ya umeme, redio, na kitufe. Nikibonyeza kitufe geti linafunguka. Kila nilichokuandikia ni kweli: magari yanasimama mbele yangu, na nisipokubali hapiti mtu. Ila wakishapita, mimi nabaki palepale. Miaka saba sasa. Mama yako, Mungu amrehemu, nilimwambia mimi ni msimamizi, akafa akijivunia, ndiyo maana nikashindwa kukishusha cheo hicho.

Na nyumba tuliyo nayo ni chumba kimoja, mlango mmoja kati ya ile tisa. Tumekigawa kwa pazia. Tutaongeza pazia la pili, hilo si tatizo, Joël atashona. Franchement, nasema wazi, ukitaka kuja, njoo. Hakuna siku hapa ambayo hutagongewa mlango. Utagongewa mpaka uchoke, watataka chumvi, watataka chaja, watataka kujua kwa nini hujaolewa. Nafasi yako iko upande wa dirisha.

Lakini kama unakuja kwa sababu umeshindwa, kaa kwanza umalize mwaka. Sisi tulilia siku tatu kwa makosa, na hatukukimbia. Andika ripoti yangu, useme kweli tupu, halafu amua.

Mjomba wako,
François, wa getini


Tampere
8 Desemba 2017

Kwa Mkuu wa Geti, Bellevue

Shikamoo, mjomba. Naituma hii kwa njia ya haraka, nimelipia zaidi, ifike kabla ya Jumapili ya mwisho.

Kuhusu ofisi: nilijua tangu mwaka 2013. Ulinitumia picha ukiwa umevaa tai, na kwenye kioo nyuma yako lilionekana geti lote pamoja na maandishi ya kampuni ya ulinzi. Mama pia alijua. Aliiweka picha hiyo kwenye Biblia yake. Aliwaambia watu, "Kaka yangu ndiye anayefungua."

Ripoti yako iko kwenye karatasi ya pili, ni fupi. Lakini kwanza nikusimulie juzi.

Juzi tarehe sita nchi hii ilitimiza miaka mia moja ya uhuru. Siku hiyo, ikifika saa kumi na mbili jioni, watu wanawasha mishumaa miwili dirishani. Nilikuwa na supu motoni. Mlango ukagongwa.

Nilidhani ni kwa jirani. Ukagongwa tena.

Alikuwa Jorma. Amevaa suti, mkononi ana mishumaa miwili na mfuko. Akasema, akiangalia viatu vyake, kwamba mama yake aliwasha mishumaa upande huu wa jengo tangu lilipojengwa, na namba kumi na nne bado haina mtu, kwa hiyo dirisha litakuwa giza. Je, ningekubali iwake kwangu? Nikasema ingia.

Tukaiwasha. Halafu, mjomba, hakuondoka. Alivua viatu, akavuta kiti, akakaa. Nikampa supu, akala. Nikampa kahawa, akanywa, nikampa ya pili, na ya tatu. Saa mbili nzima hakusema neno hata moja, na mimi sikusema. Nikawa nashangaa ana shida gani. Nilipoelewa, ilibidi niende jikoni nikashike sinki. Alikuwa amekuja kukaa. Kama nilivyomwambia kule chini kwenye mashine. Miezi minne alikuwa analifikiria.

Alipoondoka akaniachia ule mfuko. Ndani kuna zulia moja, limefuliwa, na ile picha yenu. Ameiwekea fremu.

Mlango wangu umegongwa. Nabaki. Msinikasirikie, pazia la pili mlifanyie kazi nyingine.

Célestine

Karatasi ya pili:
MWAKA WA FINLANDI 2017, kwa kanisa la Bellevue.
Mambo yaliyotokea: Mwezi wa kwanza serikali ilianza kuwapa watu elfu mbili wasio na kazi posho ya kila mwezi, bila kuwauliza wanaifanyia nini. Mwezi wa nane, mji wa Turku, mtu aliwachoma watu kwa kisu sokoni, wawili wakafa, tuwaombee. Mwezi wa kumi na mbili nchi ilitimiza miaka mia moja.
Waliokufa: Mwezi wa tano, Rais wa zamani, miaka tisini na tatu. Na mwezi wa pili, Bibi Kerttu wa mlango namba kumi na nne, miaka tisini na moja, aliyejua kuandika jina langu. Huyu ndiye aliyeshushiwa bendera. Huyu ndiye mliyemlilia.


Bellevue
2 Januari 2018

Célestine mama, mwenye mlango uliogongwa,

Heri ya mwaka. Goti na bega vimepatana, sasa vinauma kwa zamu. Barua ilifika Ijumaa tarehe 29. Nikaisoma, nikaikunja, nikaiweka kwenye kiatu, nikaitoa, nikaisoma tena. Ningeweza kukata mistari mitatu ya mwisho na mkasi wa Mama Marcelline. Mkasi nilikuwa nao mkononi. Sikufichi, maana wewe umeshanijua mpaka kwenye kioo.

Jumapili tarehe 31 kanisa lilijaa. Watu walikuja kumsikia nabii. Joël alitangulia na Kanada yake, safari hii barua kweli, stempu kweli, dakika sita, nampongeza. Nikaitwa mimi.

Nikasoma mambo. Nilipofika kwenye ile posho ya watu elfu mbili, wanaume watatu wakauliza visa inachukuliwa wapi, Pasta akagonga meza. Nikasoma wa Turku, wakainamisha vichwa. Nikasoma Rais wa zamani, wakanitazama kwa heshima kubwa, na dada wa kwaya akajificha nyuma ya mwenzake. Nikaionja heshima hiyo mara ya mwisho. Halafu nikasoma Bibi Kerttu, mpaka nukta ya mwisho.

Nikakunja karatasi, nikasema, "Ndugu zangu, mimi si nabii. Mimi ni mtu wa geti. Niliona bendera nikafungua kabla sijauliza nani anapita."

Nilingoja wacheke. Joël ndiye aliyesimama wa kwanza, nikajisemea, haya, amepata siku yake. Akauliza, "Huyo mama alikuwa na watu wangapi kwenye maziko?" Nikasema tisa. Akageuka kwa kanisa akasema, "Basi na sisi tulikuwa arobaini na mmoja. Jumla hamsini. Hayo ni matanga ya rais." Akakaa.

Mama Marcelline akaanza kulia upya, na safari hii alikuwa na jina la kulilia. Kanisa zima likasimama. Pasta aliomba kwa ajili ya Kerttu wa namba kumi na nne, na alilitamka vibaya, lakini alilitamka. Na Jorma tulimweka pia, kwenye wafiwa wetu.

Baadaye uani nilimwambia Joël habari ya msalaba, kwamba wa kweli unasogea kuelekea mlingotini. Nilijua umenikataza. Amefumua bendera usiku huohuo, anasema kazi ya mtu mkubwa haiachwi hivyo. Ikiwa tayari tutakuletea, umpe Jorma.

Nimechaguliwa tena kusoma Finlandi mwaka huu, kwa sharti moja: yeyote atakayekufa huko, niulize kwanza.

Kaa huko, mama. Fua Jumatano saa kumi. Na siku ukitaka kuja kutuona, uje na huyo Jorma, na ile picha kwenye fremu, tumwonyeshe nani ni nani. Mkifika Midrand msiogope foleni ya magari ya madaktari. Piteni mbele ya wote.

Geti nafungua mimi.

Mjomba wako,
François Mugisho